Tuliyoyaona Dodoma



Mnajua ya kuwa tulitumwa Dodoma sisi wawili kupeleka majalada na kulinganisha orodha za watumishi. Na kwa kuwa baadhi yenu mmekwisha pata barua za uhamisho, mmetutaka tueleze mji ule ulivyo. Tutasema tuliyoyaona, wala hatutayatia sukari.

Treni ya umeme, iliyoanza kwenda huko mwaka 2024, ilitufikisha kwa muda usiotimia saa nne. Baba zetu walikuwa wakilala njiani. Tuliposhuka tulitazamia kuuona mji, tukaona anga. Sisi watu wa pwani tumezoea nyumba zilizoegemeana kama watu sokoni; kule, baina ya mtaa na mtaa pana uwanja wa kutosha mitaa mingine. Mitaa yenyewe mingine huitwa kwa herufi, Area A, Area C, Area D, kana kwamba mji ni kabati la majalada. Jambo ambalo karani hawezi kulichukia.

Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia huko makao makuu, na mwaka 1976 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, wakamaliza ramani. Nia yao ilikuwa njema: mji uwe kama kijiji kikuu katika taifa la vijiji, watu waende kwa miguu, kwa baisikeli na kwa basi, motokaa zifuate nyuma. Walakini fedha zilikuwa haba, na wizara nyingi zilikaa Dar es Salaam hata mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kuhama. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya mji. Yule mwenda kwa miguu wa ramani tulimtafuta. Tulipokosa basi jioni ile, tuligundua ya kuwa ni sisi.

Tulikuwa tumeingia jengo lisilo letu, tukaelekezwa la pili, na huko tukaambiwa turudi kesho. Basi tukasimama kando ya barabara, upepo ukitujaza vumbi machoni. Mzee mmoja akapita na baisikeli, akatuamkia, “Mbukwenyi!” Tulijibu “Marahaba,” akacheka sana, maana yeye ndiye mkubwa. Akatuonyesha kwa kidole mahali palipokuwa shamba la uwele la mama yake. “Walikuja na vigingi,” alisema. “Kiwanja tulipewa, lakini si pale.” Hakusema zaidi, nasi hatukuwa na neno la kumjibu.

Usiku tulilala kwa mwenzetu aliyehama mwaka 2019. Nyumba yake ni safi na ina nafasi, na usiku kuna baridi ya kupendeza. Lakini mkewe na watoto wangali Dar es Salaam kwa ajili ya shule na kazi ya mkewe, na mshahara mmoja walisha meko mawili. Hesabu yake alituonyesha katika daftari: nauli ya treni ya Ijumaa imepita kodi ya nyumba. Hata hivyo hataki kurudi. Uani amepanda mzabibu, na kila jioni huumwagilia maji aliyooshea vyombo, kwani mvua kule ni za msimu mmoja tu.

Asubuhi alitupa kikapu cha zabibu tuwapelekee watoto. Tulizifikisha, nyingine zimepondeka. Yule mdogo aliuliza kama baba amebaki huko kwa sababu ya kuzilinda ndege wasizile. Mama yake akamwambia ale.

Wenye barua za uhamisho, tumeandika kodi za vyumba tulivyoviulizia na saa za mabasi ya Mtumba. Karatasi hiyo iko kwa Katibu, na kila atakaye aweza kuinakili kabla hatujafunga mlango.