Si Kila Ndege Mdogo ni Kweleakwelea

Juma lililopita tulisoma habari za kuhifadhi mtama ghalani. Leo tuutazame mtama ungali shambani, na ndege anayetaka kuuvuna kabla yenu.

Pengine kijijini kwenu mmemchagua mtu wa kujitolea, awaangalie ndege na kumpelekea habari Bwana Shamba. Somo la leo ni lake hasa, lakini sote tulisikilize.

Kwanza hesabu. Kweleakwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Kwa siku moja aweza kumaliza gramu 10 za nafaka. Ni kidogo, si kitu. Lakini yeye hatembei peke yake. Kundi la ndege 1,000,000 litamaliza kilo 10,000. Andikeni: ni magunia 100 ya kilo 100, kwa siku moja tu.

Basi tumjueje? Watu husema, "Mtazame mdomo, ni mwekundu." Ni kweli, lakini si kweli yote. Wakati wa kutaga mayai, mdomo wa jike hugeuka ukawa wa manjano. Na makinda waliotoka kiotani juzi hawajapata wekundu huo bado. Kwa hiyo mtu anayetegemea mdomo peke yake atakosea wakati ule ule ambao habari zake zinahitajiwa zaidi.

Dume naye hubadilika. Wakati wa kuzaa, mara nyingi uso wake huwa mweusi kama aliyepakwa masizi, na kuuzunguka weusi huo pana rangi ya waridi au manjano hafifu. Msimu ukiisha huvua mapambo hayo, akafanana na mkewe: rangi ya majani makavu, yenye michirizi mgongoni. Basi ukimwona jike mwenye mdomo wa manjano, usikate shauri upesi. Mtafute dume aliye karibu naye.

Sasa tuwatazame wanaofanana naye. Jike la fumbwe aweza kuwa na mdomo mwekundu pia. Lakini kichwani ana mistari mipana iliyo dhahiri, meusi na hudhurungi, na mdomo wake ni mdogo. Wa kweleakwelea ni mnene, wa kuvunjia punje. Tena yuko jamaa ya kweleakwelea ambaye dume lake lina kichwa chekundu. Huyo mdomo wake ni mweusi. Wengi huchanganya kichwa na mdomo, wakaandika "mwekundu" bila kusema ni wapi.

Anayesingiziwa kuliko wote ni mnana. Dume la mnana lina manjano, wala halina shida. Jike ndilo hutatiza. Hapo kiotazame kiota. Cha mnana huning'inia, na mlango wake uko chini. Cha kweleakwelea ni kama mpira mdogo wa nyasi, mlango uko ubavuni, na katika mti mmoja wa miiba mtaona viota mamia.

Mimi mwenyewe nilikosa jambo hili. Nilipokuwa kijana niliona viota mtini, nikakimbia kijijini kutangaza kwamba kweleakwelea wamefika. Wazee waliniamini kwa kuwa nilikuwa nikisoma shule. Mti ukakatwa. Ulikuwa mgunga mkubwa, kivuli cha mbuzi wetu. Babu yangu akaokota kiota kimoja, akakigeuza mkononi, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mlango uko wapi?" Sikumjibu.

Siku hizi kosa laweza kuzidi mti mmoja. Habari ikifika, huenda eropleni ikaja jioni kunyunyizia dawa mahali ndege wanapolala. Dawa hiyo haichagui. Minana watakufa, na bundi na mwewe watakaokula mizoga watakufa pia. Ndege aliyeuawa kwa dawa asiliwe kabisa, hata kama nyama yake yatamanisha.

Lakini msinyamaze kwa hofu ya kukosea. Tangu kujenga viota mpaka makinda kuruka ni majuma machache tu. Ukiona jioni kundi linakwenda kama moshi unaoviringika, walio nyuma wakiruka juu ya walio mbele, peleka habari siku hiyo hiyo. Sema ulichokiona, ulichokikisia sema umekisia.

Kazi ya juma hili: nendeni wawili wawili kwenye mti mmoja asubuhi. Katika daftari andikeni tarehe, saa, rangi ya mdomo, rangi ya kichwa, na mlango wa kiota. Msipoona kitu, andikeni "sikuona". Msinakiliane. Kisha mwalimu awasomee yote mbele ya darasa, tuone kama wawili waliotazama ndege mmoja wameandika jambo moja.

Kwaherini.