Maji Hafifu Mferejini: Tupime Kabla ya Kulipa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Nakuru)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Tumekuja kusema habari za maji, lakini mtaona kwamba mambo haya mawili ni ndugu. Mtu anayeamka saa kumi ya usiku kungoja ndoo moja ijae hufika kazini amechelewa, na akichelewa hukatwa. Basi maji hafifu hula mshahara.

Wengi wetu hapa Nakuru, na ndugu zetu wa Njoro, Gilgil na Naivasha, twakaa katika nyumba ambazo maji yake hutoka kisimani. Pampu huyapandisha, tangi huyaweka, paipu huyaleta mpaka mferejini. Hata mji wetu wenyewe hutegemea sana visima, kama vile vya Kabatini. Kwa hiyo ni lazima tujue kazi hii inavyokwenda, tusidanganyike.

Tuwaambieni yaliyotupata. Katika laini wanakokaa baadhi yetu, nyumba 24 hutumia kisima kimoja. Maji yakaanza kupungua, mwisho yakawa kama uzi. Mwenye nyumba akatangaza kwamba pampu imekufa, na kila nyumba itoe shilingi 2,000 inunuliwe nyingine. Wengine wakasema, tulipe yaishe. Wengine wakasema, tukatae na kodi tusilipe. Sisi tukasema, kwanza tupime.

Tukatwaa ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Tukafungua koki iliyo chini ya tangi: ndoo ikajaa kwa sekunde 35. Tukaenda nyumba ya kwanza: dakika 3 na nusu. Nyumba ya mwisho: dakika 4. Mwaona wenyewe. Pampu ilikuwa imejaza tangi vizuri, na maji yalitoka tangini kwa nguvu. Yalipotelea kati ya tangi na nyumba ya kwanza. Tulipochimba hapo tukakuta koki iliyokwama nusu imefungwa, na mbele yake paipu iliyopasuka chini ya mahali pa kufulia. Ndiyo maana pale palikuwa na matope hata wakati wa jua kali! Koki moja na kipande cha paipu vikamaliza shida. Pampu ni ile ile mpaka leo.

Basi haya ndiyo mambo ya kufuata, hatua kwa hatua.

Kwanza, ulizeni: ni mfereji mmoja au yote? Ukiwa mmoja tu, kosa limo humo humo. Fungueni mdomo wake, mtoe mchanga na kutu. Ikiwa ni yote, tazameni nyuma. Na kama ni asubuhi tu, watu wote wakichota, huenda paipu ni nyembamba. Paipu ya inchi 1 ina nafasi mara nne kuliko ya nusu inchi.

Pili, pimeni kwa ndoo na saa, kutoka mferejini kurudi tangini, mkaandike kila hesabu. Pale hesabu inapobadilika ghafula ndipo penye ugonjwa.

Tatu, tazameni urefu wa tangi. Msukumo wa maji hutokana na urefu, si upana. Mita 10 za urefu hutoa msukumo wa baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya mfereji hutoa sehemu 3 tu katika 10 za baa hiyo. Mtu akiwaambia tangi pana zaidi litaongeza nguvu, mwambieni hapana. Litaweka maji mengi, lakini nguvu ni ile ile. Linalotakiwa ni kuliinua.

Nne, tafuteni panapovuja. Usiku, watu wakilala, zimeni pampu na fungeni mifereji yote. Pimeni kina cha maji tangini kwa mti mrefu ulio safi, mkapime tena alfajiri. Maji yakiwa yamepungua na hakuna aliyechota, yanakunywewa na ardhi.

Tano, ziko nyumba ambazo pampu husukuma maji moja kwa moja, ikisaidiwa na tangi dogo lenye hewa ndani. Pampu ikiwaka na kuzima kila sekunde chache, hewa ya tangi hilo imepungua au mpira wake umepasuka. Umeme ukatwe, maji yatolewe yote, kisha hewa ipimwe kwa kipimo kile kile cha magurudumu ya gari. Iwe pauni 2 chini ya kiasi kinachowasha pampu. Ikiwa pampu huwaka kwa pauni 30, hewa iwe pauni 28.

Sita, na ni mwisho, ndipo tunapokiuliza kisima chenyewe. Teremsheni kamba safi yenye uzito, mpime maji yako mita ngapi chini kabla ya kuvuta na baada ya kuvuta. Hapa kwetu miezi ya Januari mpaka Machi ni kiangazi, na maji ya visima vingi hushuka. Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti kama mtu avutavyo ng'ombe kwa kamba. Ni uzito wa hewa ndio unaoyapandisha maji. Pwani, hata pampu iwe nzuri namna gani, maji hayapandi kwa kuvutwa zaidi ya mita 10. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo kikomo ni kama mita 8. Katika kazi ya kila siku, zaidi ya mita 6 ni taabu. Basi pampu nzima kabisa yaweza kushindwa kwa sababu maji yameshuka mita 2 tu. Kununua nyingine ya namna ile ile ni kutupa fedha. Yafaa pampu ya kuzamishwa majini, au kisima kipumzishwe kijae. Na pampu yo yote ikiachwa kuvuta bila maji, itaungua.

Ndugu, tahadhari mbili. Mambo ya umeme mwachieni fundi wa umeme, kwa maana maji na umeme pamoja huua. Na mtu asiteremke kisimani kutazama. Humo huweza kukaa hewa mbaya isiyoonekana wala kunusika, na mara nyingi anayemfuata mwenziwe kumwokoa hufa naye.

Kwa ninyi mnaokaa katika nyumba za mwajiri, jueni haki yenu. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba alizowapa wafanya kazi wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, nayo yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Mkienda ofisini kusema "maji hakuna," mtajibiwa "yapo, mnayamwaga ninyi." Mkienda na karatasi yenye tarehe, saa, na sekunde za kila ndoo, mtajibiwa nini?

Siku ile sisi tulipompa mwenye nyumba karatasi yetu, aliisoma mara mbili, akanyamaza. Kisha akatuma mtu kuleta jembe. Shilingi 48,000 zikabaki mifukoni mwa watu waliozitolea jasho, na wenzetu wakalala mpaka saa kumi na moja unusu.

Mkirudi nyumbani leo, kila laini ichague watu wawili, ndoo moja na saa moja. Mkutano ujao tuleteeni hesabu zenu, tuzisome pamoja.