Kupanda Mikoko Ni Sadaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwenyezi Mungu ameumba bahari na nchi kavu, na baina yake akaweka mkoko, mti ushikao matope wala usiochukia maji ya chumvi. Watu wa Koyama, Chovai, Chula na Burgabo, hata Kismayo, wanajua manufaa yake tangu enzi za mababu: boriti za nyumba, mbao za mashua, kuni za jikoni. Mizizini mwake kamba, kaa na watoto wa samaki hupata hifadhi. Basi aukataye mkoko asipande badala yake, amemwibia mvuvi asiyezaliwa bado.

Vita vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni wengi waliacha makazi yao wakakimbilia Kenya. Huko bara nako migunga ilifyekwa ikawa makaa, yakapakiwa melini Kismayo kwenda Uarabuni, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku biashara hiyo Februari 2012. Mkata makaa naye ana dhiki yake, na watoto wake wana njaa. Lakini shibe ya leo isizae ukame wa kesho.

Je, mnyonge aweza nini? Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, wanavijiji wamejibu. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, hutunza hektari 117 za mikoko. Hupanda miche kwa mikono yao, na pato lake limetiwa katika maji na shule. Hawakuanza na mali; walianza na matope.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba Mwislamu apandapo mti, akala mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mamaye. Ikidondoka, huenda ikachukuliwa na maji mbali, lakini ipatapo tope husimama. Basi arejeaye kisiwani ashuke maji yakipwa, aichomeke topeni pamoja na jirani zake, bila ya ujira. Kivuli chake huenda asikikalie, ila samaki wake watakula wajukuu. Naye akiwatazama kaa wakikimbilia mashimo yao na maji yakirejea, atajua kuwa yeye ni kiumbe miongoni mwa viumbe, aliyepewa amana.

Wabillahi tawfiq.