Kiswahili cha Jikoni: Ndizi za Kuchovya za Marangu na Wajibu wa Mwanaisimu

1.0 Utangulizi



Mihadhara ya Kiswahili kwa kawaida hujishughulisha na mambo makubwa: ushairi na arudhi zake, historia ya usanifishaji, istilahi za sheria na za sayansi. Leo naomba ruhusa yenu tuingie jikoni. Mada yangu ni kitafunio kimoja tu, yaani ndizi mbivu inayochovywa katika rojo la unga kisha kukaangwa katika mafuta mengi hadi iwe na ganda kavu nje na utamu laini ndani. Mfano wangu nimeuchukua Marangu, katika mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro.

Hoja yangu ni hii. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuieleza kazi hiyo hatua kwa hatua na kwa usahihi. Lakini sehemu kubwa ya maneno hayo imo vinywani mwa wapishi, wala haijapewa nafasi yake katika maandishi yetu. Matokeo yake ni kwamba mpishi hodari, anayeifanya kazi yake yote kwa Kiswahili, anapotakiwa kuiandika huazima lugha nyingine.

2.0 Kwa nini Marangu

Zipo sababu mbili. Ya kwanza ni mgomba wenyewe. Kihamba cha Mchaga ni shamba linalozunguka nyumba, ambamo migomba huota pamoja na mibuni, miti ya kivuli na mboga. Humo ndizi ni chakula kabla ya kuwa tunda. Ndizi mbichi hupikwa mtori, na ndizi mbivu pamoja na ulezi hutengenezwa mbege. Maneno kihamba, mtori na mbege yametoka mlimani yakaingia katika Kiswahili cha watu wengi ambao hawajapata kuuona mlima huo.

Sababu ya pili ni kazi ya upishi. Marangu ni mojawapo ya malango ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kutoka hapo njia hupita vituo vya Mandara, Horombo na Kibo kuelekea kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kila msafara huwa na mpishi wake, na miongoni mwa vyakula ambavyo wapishi hao huwaandalia wageni ni ndizi hizi za kuchovya. Mpishi humwagiza msaidizi wake kwa Kiswahili, au kwa Kichaga. Lakini mgeni anapouliza jina la kitafunio, hujibiwa kwa Kiingereza. Si kosa la mpishi kumjibu mgeni kwa lugha ya mgeni. Swali letu ni jingine: je, akiulizwa na kijana wa Kitanzania anayetaka kujifunza kazi hiyo, angempa jina gani?

3.0 Jina la ndizi

Tuanze na tunda lenyewe. Mapishi mengi yaliyoandikwa kwa Kiswahili husema tu, “chukua ndizi mbivu nne.” Kwa msomaji wa Kilimanjaro agizo hilo halijakamilika, kwani atauliza: ndizi zipi? Mshare ni ndizi ya kupika, nayo ndiyo inayosifika kwa mtori. Mzuzu na mkono wa tembo zina nyama ngumu, nazo hata zikiiva hustahimili moto. Kisukari ni fupi, ina ganda jembamba, na utamu wake umetangazwa na jina lake. Kwa ndizi za kuchovya, kisukari hufaa kwa anayetaka utamu mwingi na mzuzu kwa anayetaka kipande kisicholegea.

Tofauti hii si ya majina matupu. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari, na sukari ndiyo inayopaka rangi katika mafuta. Ndizi iliyopita kiasi hupasuka ndani ya rojo ikamwaga maji yake katika mafuta. Isiyoiva sawasawa hubaki kavu na yenye ukakasi. Kwa hiyo jina likikosewa, chakula kitaharibika. Mwanaleksikografia anayeandika kwamba neno fulani ni “aina ya ndizi” na kuishia hapo amemnyima msomaji kile hasa alichokifuata kamusini: ndizi hiyo hufanyiwa nini?

4.0 Jina la kitafunio

Watu wengi husema ndizi za kukaanga. Kirai hiki kina utata wa namna mbili. Kwanza, kiunganishi cha -a pamoja na kitenzi-jina huweza kueleza kusudi au matokeo. Sokoni, ndizi za kukaanga ni zile ambazo bado hazijaguswa na moto ila zinafaa kukaangwa. Mezani, ni zile zilizokwisha kukaangwa. Pili, hata mezani kirai hicho hujumuisha vitu vitatu: vipande vyembamba vya ndizi mbichi vilivyokaushwa katika mafuta, ndizi mbivu iliyokaangwa bila kuvikwa chochote, na hii yetu yenye ganda la rojo.

Pwani imetuonyesha njia. Katika mapishi ya Waswahili, mkate huitwa kwa tendo linaloutofautisha na mikate mingine: upo mkate wa kumimina na upo mkate wa kusukuma. Kwa kufuata kanuni hiyo hiyo, nimetumia katika mhadhara huu jina ndizi za kuchovya, kwa kuwa kuchovya ndiko kunakozitenganisha na ndizi nyingine za kukaanga. Jina la ndizi za rojo nimeliepuka kwa sababu mwenye kuzoea rojo kwa maana ya mchuzi mzito angetarajia bakuli na kijiko.

Vitafunio vya jamii hii vina historia ndefu ya kubeba majina yao. Bajia na karai vimetujia na lugha za Bara Hindi. Kaimati imetoka katika Kiarabu. Kitumbua ni neno la Kibantu. Jiko la Mswahili halijaogopa kuazima, na mimi sisemi liogope. Lakini waliozipokea bajia na kaimati walilipokea jina wakalipa sauti na ngeli za Kiswahili. Neno linalosomwa kutoka katika orodha ya chakula ya hoteli, bila kubadilishwa herufi wala matamshi, halijaazimwa bado, limepita tu.

5.0 Vitenzi vya kazi

Kitenzi kaanga kina upana mkubwa. Tunakaanga karanga na bisi bila tone la mafuta, tunakaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, na tunakaanga maandazi katika mafuta ambamo huelea. Mtu angeweza kudhani kwamba upana huo ni umaskini wa lugha. Tukiisikiliza kazi yote, hata hivyo, tunaona kwamba usahihi umewekwa katika vitenzi vinavyolizunguka tendo hilo.

Ndizi huchovywa katika rojo: huingia na kutoka. Methali isemayo chovya chovya humaliza buyu la asali inategemea maana hiyo hiyo ya kuingiza na kutoa mara kwa mara. Katika mafuta, ndizi haichovywi bali hutumbukizwa, kwa kuwa huachwa humo. Ikiiva huopolewa, maana imo ndani ya kimiminiko. Karai nalo huepuliwa, maana limo juu ya moto. Opoa na epua yamekaribiana kwa sauti na yote mawili yana maana ya kuondoa, lakini mpishi hayachanganyi. Akimwambia msaidizi “epua” badala ya “opoa,” msaidizi atashika karai la mafuta yanayochemka. Hapo mtaona kwamba uteuzi wa kitenzi waweza kuwa jambo la usalama wa mwili.

Kauli ya kutendea nayo ina kazi yake. Katika “mkaangie mtoto ndizi,” kiambishi kinamleta anayefaidika. Katika “karai la kukaangia” kinaleta chombo. Katika “kibanda cha kukaangia” kinaleta mahali. Wanafunzi wa sintaksia watakumbuka kwamba mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha uchunguzi wa yambwa katika lugha za Kibantu ambao ulitumia data za Kichaga cha Kivunjo, lahaja ya upande huu huu wa mlima. Vitenzi vya mlima huu vimekwisha kuifaa isimu ya ulimwengu. Sitegemei kwamba vitashindwa kukifaa kitabu cha mapishi.

Kuhusu rangi, maandishi ya siku hizi hupenda kusema “mpaka iwe rangi ya dhahabu.” Jikoni utasikia zaidi “mpaka ipige wekundu.” Wekundu huo si wa damu wala wa nyanya; ni ule wa kitu kilichoiva motoni, na kila aliyekaanga vitunguu anaufahamu.

6.0 Matini yenyewe

Hoja za lugha hupimwa kwa matini. Naomba niyatoe mapishi haya kwa ukamilifu, kwa kiasi cha watu wanne.

Chukua ndizi kisukari 8 zilizoiva, zenye madoa machache ya weusi lakini ambazo bado ni ngumu ukizibonyeza. Changanya unga wa ngano gramu 150, unga wa mchele vijiko vikubwa 2, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi kidogo, na punje 4 za iliki zilizotwangwa. Vunja yai 1 katika maziwa baridi mililita 150, lipige, kisha umimine katika unga huku ukikoroga. Usikoroge sana, kwani rojo lililokorogwa mno hunata na kuwa gumu likikaangwa. Rojo liwe zito kiasi cha kuufunika mgongo wa kijiko na kuchuruzika polepole. Liache dakika 15.

Menya ndizi na kuzipasua mara mbili kwa urefu. Zipakaze unga mkavu, ili rojo lishike lisiteleze. Teleka karai lenye mafuta ya kina cha sentimita 5. Tone la rojo likizama kisha likapanda mara moja kwa mapovu, mafuta yako tayari; likibaki chini, bado; likiungua papo hapo, punguza moto. Chovya ndizi, tumbukiza vipande vichache kwa wakati mmoja, vigeuze, na uviopoe baada ya dakika 3 hadi 4 vikisha kupiga wekundu. Viweke katika chujio mafuta yachuruzike, na vililiwe vikiwa moto.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya mabondeni havilisemi. Katika urefu wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi hivi. Horombo, mita 3,720, huchemka karibu nyuzi 88. Ganda la nje linaumbwa na joto la mafuta, lakini maji yaliyomo ndani ya rojo na ndizi hugeuka mvuke mapema zaidi, na ndani huiva polepole. Kwa hiyo mpishi wa mlimani hupunguza joto la mafuta na kuongeza muda, la sivyo nje kutaungua na ndani kubaki kubichi. Mafuta ambayo pwani yangetiwa joto la nyuzi 175, katika mita 1,500 yatosha yawe na nyuzi 167 hivi. Haya ni maarifa ya mahali, na mahali pake pa asili ni katika lugha ya wanaoyatumia.

7.0 Pingamizi

Mtu anaweza kupinga kwamba utata wa jina si ugonjwa. Katika Kimalei na Kiindonesia, lugha za eneo ambako ndizi ni tunda la kale kuliko kwetu, kitafunio hiki huitwa pisang goreng, maana yake “ndizi iliyokaangwa” tu, na kwa kawaida mtu huelewa kwamba ina ganda la rojo. Mazoea yamelibana jina. Pingamizi hili nalikubali. Iwapo Watanzania watazoea kusema ndizi za kukaanga kwa maana hiyo moja, jina langu la kuchovya litakufa, na sitalililia.

Lakini mazoea hujengwa na matumizi ya mara kwa mara, na matumizi ya maandishi yana uzito wake. Nchini Tanzania elimu ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, somo la chakula na lishe likiwamo. Mwanafunzi wa Marangu aliyejifunza kwa mama yake kuopoa na kuepua huulizwa habari hizo darasani kwa maneno mengine, na mama yake hawezi kumsaidia kujiandaa na mtihani wa kazi anayoijua kuliko mwalimu. Hasara hiyo ni ya kweli, nayo haitaondolewa na jina moja jipya.

8.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa leksikografia watumwe jikoni na sokoni kama wanavyotumwa maktabani, na wapishi watajwe kuwa watoa taarifa wenye mamlaka. Pili, fasili za majina ya ndizi zieleze matumizi: ya mtori, ya kuchoma, ya pombe, ya kuchovya. Tatu, yaandikwe mapishi ya Kiswahili yanayopimwa kwa kupikwa. Mtu asiyewahi kukaanga apewe matini. Akikwama, kosa litafutwe kwanza katika sentensi, si katika mikono yake.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na tangu hapo kamusi nyingine zimefuata zikiwa nene zaidi. Unene huo ni wa kujivunia. Hata hivyo lugha haiwi ya taaluma kwa kuwa na istilahi za fizikia peke yake. Huwa ya taaluma pale mwenye ujuzi wowote anapoweza kuuandika, mwingine akausoma mahali mbali, akafanya, na kikatokea kitu kile kile.