Eli Alimsikiliza Kijana

Neno letu la leo latoka katika 1 Samweli, sura ya 3. Kama una Biblia karibu, ifungue. Kama mikono yako iko kazini, sikiliza tu.

Habari hii twaipenda. Watoto wa shule ya Jumapili huiigiza: mvulana amelala hekaluni, asikia sauti, akimbilia kwa mzee Eli, arudishwa kulala. Lakini sisi huikatiza mapema. Samweli akishamjibu Mungu kwamba yu tayari kusikia, twafunga kitabu. Mambo ya asubuhi hatuyasomi sana, nayo ndiyo magumu. Ujumbe wa kwanza aliopewa kijana yule ulimhusu Eli mwenyewe: wanawe walikuwa wakiikufuru sadaka ya Bwana, naye alijua, wala hakuwazuia. Samweli aliogopa kuusema. Eli akamwita, akamwonya asimfiche hata neno moja. Na alipokwisha kuusikia wote, hakumwuliza, "Wewe mtoto, utanifundisha nini?" Alikubali kwamba ni Bwana aliyesema.

Nayasema haya nikiyafikiria makanisa yetu ya Kibera na Kawangware. Tembea Jumapili asubuhi kutoka Makina kushuka Laini Saba, au pita Gatina na Congo kule Kawangware, utasikia ngoma na vipaza sauti kutoka katika nyumba za mabati. Ingia ndani, uwaone vijana: wamepanga viti tangu mapema, wameteka maji, wanapiga ngoma, wanaimba kwaya, wanahangaika na nyaya za vyombo. Kazi moja hawapewi, nayo ni kulifungua Neno mbele ya watu. Hiyo huambiwa wangoje. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kati ya kila Wakenya 4, 3 walikuwa hawajafika umri wa miaka 35. Tukiwangojesha wote hao, atabaki nani wa kusema?

Nyumbani kijana haambiwi angoje. Tuseme yuko msichana wa miaka 16 pale Gatina, ambaye mama yake hutoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu Lavington. Ndiye huwaamsha wadogo zake, huwapikia chai, huamua kama shilingi zilizobaki zitanunua mafuta ya taa au unga. Siku sita ni mtu mzima. Siku ya Bwana twamwita mtoto.

Wazee wana hofu, na si hofu ya bure. Paulo alimwonya Timotheo kwamba mtu aliyeamini juzi asipewe usimamizi, asije akajivuna. Kijana aweza kukosea mafundisho. Aweza kuiga kelele za wahubiri wa televisheni, akawaahidi watu magari. Lakini, ndugu zangu, hayo watu wazima nao wameyafanya, nasi tukaitikia amina. Na mimbari hii tunayoilinda hivi, tumekuwa tukimpisha nani? Mnamo Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alitangaza kwamba wanasiasa wasihutubie tena ibadani. Amri hiyo isingehitajika kama makanisa hayangezoea kumpa nafasi mtu mwenye bahasha, bila kumwuliza kama amesoma hata sura moja juma lile. Mwaka 2024 vijana wengi wa Kenya walilisema jambo hilo waziwazi, barabarani na katika simu zao. Nadhani hapo ndipo tunapoogopa hasa: kijana akipewa Neno, huenda akasema habari zetu, kama Samweli.

Wala si jambo geni kwetu. Ule Uamsho wa Afrika Mashariki ulifika Kabete, jirani ya Kawangware, mwaka 1937, na wengi walioueneza hawakuwa wachungaji. Walisimama tu wakashuhudia.

Basi tumtazame Eli tena. Kabla ya kumsikiliza kijana alimfundisha namna ya kusikia. Msimshtukize kijana Jumapili asubuhi kwa kumpa mimbari, kisha mkamcheka. Kaeni naye Jumamosi alasiri. Mpeni kifungu kifupi, asome sura nzima, kisha mwulizeni: hapa ni nani anayesema, na anamwambia nani? Dakika 10 zamtosha. Aanze na watoto wa shule ya Jumapili, maana watoto hawavumilii maneno matupu. Na neno la Sheng likimponyoka, kanisa halitabomoka.

Akikosea je? Katika Matendo 18, Prisila na Akila walimsikia Apolo akifundisha kwa bidii ingawa alikuwa hajajua yote. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamweleza. Mama mpendwa, mzee wa kanisa, chai unayo na kiti unacho.

Siku atakapohubiri, mchungaji aketi benchi la mbele, Biblia imefunguliwa magotini. Na kijana akimaliza, nakuomba, mchungaji, usisimame kuyahubiri upya yale yale kwa nusu saa.

Tuombe. Baba, twamwombea kijana atakayesimama Jumapili hii kwa mara ya kwanza, mikono ikimtetemeka. Umkumbushe yale aliyoyasoma. Katika jina la Yesu. Amina.