Mji wa Amani ulivyogawanyika



Mwaka 762 Khalifa al-Mansur alianza kujenga Baghdad, akauita Mji wa Amani. Mwaka 2003 majeshi ya Marekani yaliingia, serkali ya Saddam Hussein ikaanguka, jeshi la inchi likavunjwa. Mtu aliyekosa mshahara na ulinzi alikimbilia watu wa dini yake, na huko alikuta wakubwa wa vyama wanamngojea na bunduki.

Tarehe 31 Agosti 2005 Washia walijaa juu ya daraja la Aimmah, wakienda kuzuru Kadhimiya. Uvumi ukapita: kuna mwenye bomu! Watu wakakanyagana, wengine wakaanguka katika mto Tigris. Zaidi ya 900 walikufa. Lakini vijana Wasuni wa Adhamiya, ng'ambo ya pili, waliruka majini kuwaokoa.

Februari 2006 msikiti mtukufu wa Washia kule Samarra ulilipuliwa, na kisasi kikaenea Baghdad. Huyu aliuawa kwa kuitwa Omar, yule kwa kuitwa Ali. Mwaka 2007 Adhamiya ilizungushiwa ukuta wa saruji. Daraja lenyewe lilikaa limefungwa mpaka Novemba 2008.

Wandugu, angalieni vema. Walioruka majini hawakuuliza jina la anayezama. Miezi sita baadaye jina likawa hukumu ya kifo. Dini hazikubadilika, waliogawa kazi na ulinzi ndio waliobadilika. Basi mtu akija kuwatafuta kwa kabila ao kwa dini, mumuulize kwanza: sisi tukipigana, wewe utapata nini?