Mwavuli wa Angani na Jua la Pwani



Tulipokuwa Bagamoyo, mzee mmoja alituuliza: "Jua limezidi siku hizi. Je, lile tundu la ozoni liko juu yetu?" Swali zuri. Basi tulijibu pamoja.

Ozoni ni hewa iliyo juu sana angani, nyingi yake kati ya kilometa 15 na 35. Inazuia miale mikali ya jua inayounguza ngozi na kuharibu macho. Ni kama mwavuli wa dunia.

Lakini mwavuli huu hauna unene mmoja. Tuseme ozoni yote iliyo juu ya mahali fulani ishushwe chini, ibanwe. Kwa wastani wa dunia ingekuwa na unene wa milimita 3 tu. Kwetu, karibu na Ikweta, ni kama 2.6. Nchi za kaskazini, baridi inapokwisha, hufika 4.

Je, kwetu umetoboka? Hapana. Ozoni hutengenezwa kwa wingi huku kwenye jua kali, kisha pepo za juu huipeleka kaskazini na kusini. Kwetu ni nyembamba kwa maumbile.

Mvuvi anaelewa jambo hili. Hawezi kulinganisha samaki wa kusi Bagamoyo na wa kaskazi Tanga, kisha aseme bahari imekwisha. Hulinganisha mahali pale pale, msimu ule ule, mwaka hata mwaka. Ndivyo Farman, Gardiner na Shanklin wa Uingereza walivyofanya huko Ncha ya Kusini. Kila Oktoba walisoma vipimo vya kituo kile kile. Vilianza karibu milimita 3 miaka ya 1950, vikashuka hadi karibu 2 mwaka 1984. Wakautangazia ulimwengu mwaka 1985.

Walioharibu ni gesi za mafriji na za makopo ya kupuliza dawa. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuzipunguza. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Sasa ozoni inarudi taratibu. Huko Ncha ya Kusini inatazamiwa kupona kabisa kama mwaka 2066.

Hata hivyo, jua letu ni la utosini na mwavuli wetu mwembamba. Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ya saratani ya ngozi. Hao wasingoje 2066. Tuwape kofia pana na nguo za mikono mirefu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi tuwape kazi za kivulini, si kuanika mwani wala dagaa juani. Kidonda kisichopona, twende hospitali mapema. Na fundi wa friji asiiachie gesi ya zamani hewani.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini ozoni ya kwetu ni nyembamba?
2. Kijijini kwetu, nani anahitaji kofia leo?